Kurasa za Mwisho za Kitabu cha Baba

Ninyi mtakaosema nilisinzia ndani ya basi, semeni mapema tumalizane. Sikusinzia. Nilikuwa macho, nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe kwenye nyasi zilizolowa, na baridi ya Mafinga ilikuwa inaniingia mpaka kwenye mifupa. Nani anasinzia kwenye baridi ile? Hili ninalowasimulia limenipata mimi, si jirani yangu wala shemeji wa jirani yangu.

Nina steshenari Ilomba, hapa Mbeya. Kutoa kopi, kuchapa barua, kuskani vyeti, kulamineti, ndizo kazi zangu. Wanafunzi wananiletea vitabu vinene, nawaskania, wanaondoka navyo kwenye simu. Karatasi nimeishika sana mpaka nikaizoea vibaya. Kwangu mimi ukurasa ulikuwa kitu cha kupigwa picha tu. Ukishaupiga umeshaupata, kusoma utasoma baadaye. Na msinitazame hivyo, nani siku hizi hafanyi? Tangazo la kazi likibandikwa ukutani, watu wote wananyoosha simu juu, na hakuna anayefika mstari wa pili.

Baba yangu alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akastaafu, akaishi Ifunda, kule Iringa, na shangazi yangu aliyekuwa akimtunza. Presha ya macho ilimpofusha kabisa, akawa haoni hata mwanga wa mlangoni. Nikienda kumsalimia, namsomea. Mwanzoni nilimsomea kwenye simu, maana humo kila kitu kimo, magazeti, hadithi, na ukitaka kuna sauti inayosoma yenyewe bila kuchoka. Alivumilia. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, hiyo simu inasoma vizuri, ila mimi sijui tumefika wapi."

Sikumwelewa. Akaniomba nitoe kitabu cha zamani kilichokuwa kwenye sanduku lake la bati, kitabu kisicho na jalada. Akakishika mwenyewe mapajani, mimi nikasoma nimemwinamia begani. Kila nilipofungua ukurasa mpya, alipitisha kidole gumba kwenye kurasa zilizobaki upande wa kulia. Zikiwa nene, ametulia. Zikipungua, anaanza kuhangaika kitini, ananiambia nisome polepole. Ndipo nikaelewa. Simu haina unene, na mtu asiyeona akisomewa humo hajui hadithi itamwachia wapi.

Kitabu chenyewe kilimhusu mwanamke anayeitwa Semeni. Mume wake, Lukelo, alikwenda mbali kutafuta kazi akapotea miaka mingi. Mwishoni Lukelo anarudi, mvua inanyesha, anabisha hodi. Semeni anasimama nyuma ya mlango, anauliza, "Nani?" Basi, kitabu kinaishia hapo, kwa sababu kurasa zilizofuata zilikuwa zimechanwa. Huku kwetu vitabu vingi vinakufa hivyo, kuanzia nyuma. Mtu anataka karatasi ya kuwashia jiko, au ya kufungia karanga, anachana ukurasa wa mwisho kwa sababu ndio ulio karibu na mkono. Kesho yake anachana unaofuata.

Baba hakuwahi kuniambia nani alizichana, na mimi sikuuliza. Nilikitafuta kitabu hicho mtandaoni mpaka nikachoka. Lakini utatafutaje kitabu kisicho na jalada wala jina? Niliandika majina ya Semeni na Lukelo kila mahali, nikauliza kwenye magrupu ya walimu, hola.

Mwaka jana, kwenye ile baridi ya mwezi wa saba, hospitali wakamrudisha baba nyumbani. Moyo umechoka, wakasema, akapumzike na watu wake. Mnajua maana ya maneno hayo. Shangazi akanipigia, akamwekea baba simu sikioni.

"Njoo," baba akasema. "Nataka kujua kama Semeni alifungua mlango. Nisiondoke na jambo hilo kichwani."

Nililia palepale dukani, wateja wamesimama. Mtu anaaga dunia na anachoomba ni mwisho wa hadithi tu, na mimi mwenye mashine zote zile sina cha kumpa. Iliniuma sana.

Kesho yake nikapanda basi la Iringa. Chimala kulikuwa na jua kali, watu wanauza mchele wao barabarani kama kawaida. Tulipopita Makambako ukungu ukaanza kushuka, na tulipoingia kwenye misitu ya mipaini kabla ya Mafinga ulikuwa mzito mpaka dereva akawasha taa mchana. Hata muziki ndani ya basi ukawa unasikika kwa mbali. Abiria waliobanwa na haja wakaomba kuchimba dawa, dereva akasimama pembeni.

Nikashuka, nikaingia kidogo kati ya miti. Kimya. Ukungu unapita taratibu, mti unaonekana, unapotea, unaonekana tena mahali ambapo sikuutegemea. Halafu nikasikia harufu ya karanga zinazokaangwa. Msituni, jamani, nani anakaanga karanga? Nikaifuata. Msiniulize kwa nini sikuogopa, hata mimi sijui. Nilijisikia mwepesi, kama mtoto anayebebwa akiwa nusu usingizini.

Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye kisiki, kajifunika kitenge kuanzia kichwani. Mbele yake palikuwa na ungo, na kwenye ungo karanga zilizofungwa kwenye karatasi.

"Kamwene," akanisalimia, kwa Kihehe cha kwetu.

"Kamwene, mama."

Akanipa kifuko kimoja. Nikatafuta hela, akausukuma mkono wangu pembeni. Nikazimimina karanga kwenye mfuko wa koti, zilikuwa za moto, na karatasi ikafunguka kiganjani. Macho yangu yakaangukia jina la Semeni.

Wallahi nilisahau kwamba kuna basi. Nikasoma mstari mmoja, Semeni ameshika komeo la mlango. Nikamuuliza yule mama karatasi ile ameitoa wapi.

"Nilikuwa nayo siku zote," akasema. "Na nyingine zipo." Akaanza kufungua vifuko, anamwaga karanga kwenye ungo, ananyoosha karatasi moja moja juu ya goti lake kwa kiganja. "Kaa hapa usome. Karatasi utaniachia, nina karanga za kufunga. Lakini usome kwanza."

Honi ikalia kutoka barabarani. Konda akaanza kuita, Iringa, Iringa, tunaondoka. Sasa niambieni, mtu wa steshenari atafanya nini? Nikatoa simu. Nikaanza kupiga.

"Soma, mwanangu," akasema. "Gari litakungoja."

"Nitasoma nikifika, mama. Nazipiga zote."

"Hutaki kukaa hata kidogo?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyempikia mgeni, halafu mgeni akasema ameshiba. Niliisikia, na bado sikukaa.

"Nina haraka, mama. Baba yangu anaumwa."

"Najua," akasema.

Sikujiuliza amejuaje. Nilikuwa naangalia kioo, kama herufi zimekaa sawa, kama kivuli changu hakijaziba mistari. Mkono wake ulikuwa unaingia kwenye picha kila mara, unanyoosha karatasi, kiganja kina majivu, kidole cha shahada kimepinda kidogo. Nilipomaliza nikamshukuru haraka haraka, nikageuka. Ule mkono ukanigusa shavuni. Ulikuwa wa moto, kwenye baridi ile.

Ndani ya basi nilikaa karibu na mzee mmoja mwenye baraghashia, mfanyabiashara wa vitambaa wa Iringa mjini. Alinitazama tangu napanda ngazi.

"Binti, samahani," akasema. "Kile kisiki ulikuwa unakipiga picha za nini?"

Nikamwambia nilikuwa na yule mama wa karanga.

"Mimi nilikuwa nyuma yako pale. Hapakuwa na mama. Ulikuwa umeinama peke yako, unaongea." Akanong'ona dua, akageukia dirishani, na hakunisemesha tena mpaka niliposhuka Ifunda.

Mtasema ningefungua zile picha mara moja. Nilitaka, lakini nilijiambia mwisho ule tuusikie pamoja, mimi na baba, mara ya kwanza. Nikaikumbatia simu kifuani njia nzima. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Nilijua nampelekea kitu ambacho hakuna mtoto mwingine angeweza kumpelekea baba yake.

Nilimkuta amelala chumba cha mbele, kafunikwa mablanketi, kitabu kiko kifuani. Jua la jioni lilikuwa linaingia kidogo kupitia dirishani.

"Baba, mwisho wa kitabu ninao."

Uso wake ulifunguka wote. Akakishika kitabu vizuri, akaweka kidole gumba pale palipochanwa, akasubiri. Nikafungua picha ya kwanza. Nyeupe. Ya pili, nyeupe. Zote zilikuwepo, lakini ndani yake hakuna herufi, hakuna goti, hakuna mkono, weupe mtupu. Ule mstari mmoja wa komeo la mlango ndio pekee niliokuwa nao, kwa sababu ndio pekee niliousoma kwa macho yangu.

Nikamweleza kila kitu. Harufu, kisiki, ungo, karatasi. Nilidhani atasema nimechanganyikiwa. Akanyoosha mkono.

"Hizo karanga zipo?"

Nikazitoa mfukoni nikamwekea kiganjani. Shangazi alikuwa amesema hajala kitu tangu asubuhi. Akatafuna moja, taratibu, akatafuna nyingine.

"Zimekaangwa kwa mchanga wa mtoni," akasema. "Mchanga wa Idodi. Chumvi yake inakuja ukishameza. Hivi ndivyo alivyokuwa anakaanga mama yako."

Nilikaa kitandani. Akaanza kunisimulia mambo ambayo hakuwahi kuyatamka. Mama aliuza karanga stendi ya Mafinga, na karatasi zilipomwishia akachana kitabu cha baba. Baba akafoka. Mama akacheka, akamwambia, mimi nimezisoma zote kabla sijachana, mwisho wake nitakusimulia mwenyewe. Kila baba alipomwomba, akamwambia kesho. Alipenda sana kumchokoza. Halafu akaugua, na kesho yenyewe haikufika.

Mama simjui. Alifariki sijaanza kutembea, na picha yake hakuna hata moja. Nilipokuwa mdogo nilikuwa najitazama kwenye kioo, najaribu kukisia kipi ni cha baba na kipi ni cha kwake.

Baba akajiinua kwenye mto. Nguvu ile sijui aliitoa wapi. Habari za Semeni hakuziuliza tena.

"Yukoje usoni?" akaniuliza. "Akicheka, bado ana ule mwanya?"

Nikatafuta kichwani mwangu. Nikaona kitenge, nikaona ungo, nikaona kidole kilichopinda kikinyoosha karatasi. Uso sikuupata. Nilikuwa nimesimama mbele yake muda wote ule, mama yangu mzazi, ananibembeleza nikae, na mimi naangalia kioo cha simu. Ningeweza kudanganya. Ndiyo baba, ana mwanya, maneno machache tu na angelala kwa raha. Nikasema kweli.

"Sikumwangalia, baba. Nilikuwa naangalia simu."

Nilimsikia shangazi akichota maji uani. Halafu baba akanitafuta kichwa kwa mkono, akanipapasa nywele kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo.

"Usilie," akasema. "Nitamwangalia mimi."

Alifariki wiki ileile. Kitabu tulikiweka kwenye sanduku lake la bati, na sanduku ninalo mimi.

Steshenari bado ninayo, lazima nile. Ila mteja akiingia siku hizi nashindwa kushika karatasi yake kabla sijamtazama vizuri, macho, pua, meno, mpaka wengine wanadhani natafuta ugomvi. Kila nikisafiri namwomba dereva asimame pale kwenye mipaini. Kisiki kipo. Ukungu upo. Nakaa hapo, nangoja, harufu haiji. Zile picha nyeupe sijazifuta. Simu inaniambia nafasi imejaa, inaniomba nifute, nafuta nyingine zote nabakiza hizo. Usiku mwingine nazikuza kwa vidole, natafuta hata ukucha.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza huku simu iko mkononi, nisikilize vizuri. Mtu akikunyooshea ukurasa, iwe kwenye ukungu au palipo na jua, usiupige picha. Kaa chini, basi likuache. Soma palepale. Na kabla hujasoma, inua kichwa umtazame usoni aliyekupa, umtazame mpaka uwe na uhakika kwamba utaweza kumsimulia mtu asiyeona.