Mjukuu wa Kwenye Simu

Mfamasia wa mtaani kwetu tunamwita Mlete, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Mzazi akiingia dukani kusema mtoto anaharisha, anataka dawa ya kufunga tumbo, yeye hujibu neno moja: "Mlete." Cherehani yangu iko ukuta kwa ukuta na duka lake, kwa hiyo ugomvi wote naupata. Watu wanataka vidonge vikali, wanataka dawa ya maji yenye rangi. Yeye anawapa pakiti ya chumvi ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki, basi. Wengine huondoka wakisonya.

Mtoto akiletwa ndipo utamjua. Humpakata, akamfinya ngozi ya tumbo taratibu aone kama inarudi upesi, akamtazama kama macho yamezama, huku anamhoji mama: choo kina damu? Ananyonya? Akimwona amelegea, hauzi kitu. Anatafuta gari la hospitali kwa kelele mpaka uzi wangu unakatika. Wale wasio hatarini ndio anaochelewa kuwarudisha. Mama kashafunga mkoba wake, Mlete bado kamkumbatia mtoto, anamnusa utosi.

"We, mwenye mtoto anasubiri," huwa namtania.

"Mwache asubiri. Naazima kidogo."

Anaazima kwa sababu mjukuu wake mwenyewe hajawahi kumshika. Binti yake wa pekee aliolewa nchi ya mbali, akajifungua huko mtoto wa kiume, na nauli na makaratasi ya safari vimewagomea wote wawili. Mjukuu anamjua kwa picha, hasa ile aliyokaa kwenye beseni anacheka. Nimeonyeshwa picha hiyo mpaka nimeichoka, ila simwambii.

Juzi mchana binti akapiga simu. Mtoto anaharisha tangu jana, na maji ya dawa anayatema. Mlete akafungua mdomo kusema neno lake, likakwama. Amlete wapi? Akailaza simu juu ya kaunta, akaniita nimshikie, nikaiweka sauti ya juu.

"Choo kina damu?"

"Hakina, mama."

"Akilia machozi yanatoka?"

"Yanatoka."

"Hayo maji umechanganyaje?"

"Pakiti moja, kikombe kimoja. Nilitaka yawe na nguvu."

"Mwanangu! Pakiti hiyo si imeandikwa ni ya lita nzima? Hebu onja mwenyewe."

Tukasikia mtu anakohoa. "Chumvi tupu, mama."

"Mwaga. Pima lita ya maji safi, changanya upya. Chumvi yake isizidi ya machozi. Mpe kijiko kimoja kimoja. Akitapika ngoja kidogo, uendelee. Titi usimnyime. Akilegea au akishindwa kunywa, hospitali mbio, usinipigie mimi kwanza."

Maji yakawa tayari. Mlete akaisogelea simu, akatoa ile sauti laini anayowabembelezea watoto wa watu. "Kunywa, baba. Kunywa, mume wangu. Bibi yuko hapa."

Mtoto akaangua kilio.

Akajaribu tena, kwa upole zaidi. Kilio kikazidi, tukasikia kijiko kikianguka.

"Mama," binti akasema taratibu, "usinielewe vibaya. Anashtuka. Sauti yako haijui."

Niliumia kana kwamba nimeambiwa mimi. Nilitaka kumkemea yule binti, lakini nimkemee kwa lipi, na alichosema ni kweli?

"Haya, nanyamaza," Mlete akasema. "Ila simu usikate."

Akaichukua mkononi mwangu, akaizima ile sauti ya juu, akaiweka sikioni na kukaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta. Mteja akaingia, nikamwashiria angoje. Hata mimi nilikisikia kilio kwa mbali, kikipungua, kikigeuka kwikwi, kikiisha. Mlete, mwenye mdomo usiojua kupumzika, aliuziba kwa kiganja, machozi yanamtiririka juu ya vidole, akawa anamsikiliza mjukuu wake akimeza.