Ubishi wa Rundo

Elimringi alipanga chumba mtaa wa Shirimatunda, akajifungia na kompyuta yake. Majirani walidhani anabeti. Mama yake, Anaeli, mfugaji wa ng'ombe kule Machame, akipigiwa simu aliuliza, "Bado unachezea hiyo mashine, baba?" Hakuwa na mtu wa kumweleza, jamani, na ilimuuma.

Maana kazi yenyewe si mchezo. Anaandika programu ya mizani mipya ya kupimia maziwa ya wafugaji. Programu haiingii kwenye mzani kama ilivyoandikwa. Husagwa kwanza iwe amri ndogondogo zinazoitwa baitikodi, na kampuni iliyomwajiri ilitaka ichaguliwe baitikodi moja kati ya mbili. Ya kwanza inarundika: namba juu ya namba, na iliyo juu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Ya pili huipa kila namba mahali pake, kama mbuzi wa Krismasi, ambaye kila kipande kina mwenyewe hata kabla hajachinjwa.

Elimringi aliipenda hiyo ya pili. Kornelia, mfanyakazi mwenzake wa Dar, aling'ang'ania rundo. Kila siku saa kumi alimpigia, wakabishana.

"Yako ina mbio, sawa, lakini amri zake ndefu. Zitaenea wapi kwenye kidude kile?"

"Wewe ni mbishi, Mungu anakuona!"

Kornelia alicheka, na Elimringi akashinda na kicheko hicho mpaka kesho yake.

Sasa sikilizeni ujinga wa mtu mzima. Alishazipima zote mbili, akaona wazi kwamba rundo linashinda, kwa kuwa kumbukumbu ya mzani ni finyu mno. Akanyamaza! Akabuni jaribio jingine, na jingine, maana jibu likitoka tu, ubishi umekwisha.

Siku moja mama yake akapiga. "Mzani mbovu wa kituo cha maziwa umekwama tena, hatukupimiwa. Maziwa yote yamechacha, nimemwaga. Huo mpya unaousema mnauleta lini?"

Aibu ilimshika. Akatuma matokeo papo hapo.

"Hatimaye!" alisema Kornelia. "Hongera bwana, tumemaliza."

Kesho yake saa kumi simu haikuita. Elimringi alivumilia, akashindwa, akapiga mwenyewe.

"Elimringi! Kuna tatizo kwenye mzani wa majaribio?"

"Hapana. Unafanya kazi vizuri."

"Haya, nakusikiliza."

Ubishi ulikuwa umekwisha, basi akaulizia mvua ya Dar. Kornelia akasema hainyeshi, kisha akamtakia jioni njema.