Gwantwa na Taa za Raphaeli

Kumdanganya Gwantwa Kibona ni kujitafutia aibu. Tangu akiwa msichana kule Ileje, mbuzi wakiingia kwenye mahindi na kila mtoto akaapa kwamba haikuwa zamu yake, mama yao hakujisumbua kufoka. Alimwita Gwantwa. Naye hakumkodolea mtu macho, aliuliza tu, "Na wenzako wanasemaje?" Kabla ugali haujaiva, mwenye kosa alikuwa ameshajulikana, na mara nyingi alikuwa Jofrey, kitinda mimba na kipenzi cha nyumba nzima.

Sasa Gwantwa ni mama mtu mzima, na swali lile lile ndilo linalomlisha. Anafanya kazi kwenye yadi moja ya malori pale Tunduma, mbele ya skrini. Malori ya yadi yamefungwa visanduku vinavyoongea vyenyewe kwa vyenyewe hewani. Lori likifunga breki au likiwasha taa, malori jirani yanajua, na Gwantwa anajua. Dereva akibonyeza kitufe cha hatari, onyo linawafikia wenzake wote wanaokuja nyuma. Kazi ya Gwantwa ni kuyatambua maonyo ya uongo.

Kama unashangaa nani adanganye kwenye jambo kama hilo, basi hujaiona foleni ya malori mpakani Tunduma. Mtu anaweza kuota ndevu humo, akiogea maji ya dumu. Mjanja mmoja akagundua kwamba ukituma onyo kuwa lori limeziba kona ya mbele, wenzako wataegesha njiani, Mlowo, wanywe chai, nawe utapita polepole ukawahi mstari. Mjanja mwenyewe alikuwa nani kama si Jofrey, ambaye siku hizi ni dereva wa yadi hiyo hiyo.

Gwantwa alimnasa bila jasho. Malori yaliyopita kwenye kona ile wakati ule ule hayakugusa breki hata moja. Akamfungia: onyo la Jofrey lisimfikie mtu mpaka dada mtu alipitishe mwenyewe. Jofrey alinuna, kisha akamletea maparachichi ya kumlainisha. Gwantwa aliyala maparachichi, na kufuli akaliacha palepale.

Asubuhi moja ukungu mzito wa Mbozi ulikuwa umeshuka hadi barabarani, na onyo la Jofrey likaingia. Lori lake limekatika ekseli kwenye mteremko, limeziba upande mmoja wa njia. Kompyuta ikaliandika papo hapo kuwa ni uongo, kwa kuwa hapakuwa na lori lililofunga breki karibu naye. Simu yake haikupatikana, na madereva wengine hawapokei simu wakiwa mwendoni. Nyuma yake, na tangi lililojaa mafuta, alikuwa anateremka dereva mwenzao Shadrack.

Gwantwa alisogeza kiti karibu na skrini. Akilipitisha na likawa uongo, Shadrack angefunga breki bure kwenye utelezi na shehena ile. Akilizuia na likawa kweli, Shadrack angemkuta Jofrey katikati ya njia. Alimpenda mdogo wake mno, na ndiyo maana aliogopa kumwamini kwa mapenzi tu.

"Na wenzako wanasemaje?" aliiuliza skrini.

Mwenzake Jofrey aliyekuwa karibu alikuwa mmoja tu, Raphaeli, dereva wa yadi aliyetoka Tunduma akielekea Mbeya. Hakuwa amefunga breki, maana upande wake ulikuwa wazi. Lakini tangu alipopita pale, taa zake kubwa zilikuwa zinawaka na kuzimika, zinawaka na kuzimika. Kompyuta haikuona neno hapo. Gwantwa aliliona. Dereva akimpita mwenzake aliyeharibikiwa, huwapigia taa wote anaokutana nao. Walifanya hivyo kabla visanduku havijabuniwa. Ila kwenye ukungu ule Shadrack angeweza kupishana nazo asizione.

Akalipitisha onyo. Alama ya Shadrack kwenye skrini ikapunguza mwendo, ikapunguza tena, ikasimama. Baadaye Shadrack alisimulia kwamba alisimama juu ya matawi ambayo Jofrey alikuwa ameyakata na kuyatandaza barabarani yawe alama ya hatari. Gwantwa alilaza kichwa mezani akalia, kisha akajifuta uso akaendelea na kazi.

Jofrey alipofika nyumbani kwa dada yake, hakuja na maparachichi wala utani.

"Dada, ulijuaje kwamba leo sisemi uongo?"

"Sikujua. Nilimwamini Raphaeli."

Jofrey akavuta kigoda akaketi. "Na kama Raphaeli asingepita?"

Gwantwa aliendelea kuchambua mboga. "Ndicho nilichokuwa nakililia," alisema.

Safari iliyofuata, ujumbe wa Jofrey ukaingia: Dada, nipo foleni, wa mwisho kabisa. Gwantwa aliyakagua malori ya yadi yaliyokuwa foleni, moja baada ya jingine; yote yalikuwa mbele yake. Kweli alikuwa wa mwisho. Ndipo akamfungulia kufuli.