Aya ya Pili ya Swali la Kilimarondo

Tadeo Selestini alifundisha shule ya msingi huko Nkowe, Ruangwa, kwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote haikutoka barua nzito kijijini bila kupita mkononi mwake. Mtu akitaka kumwandikia mkuu wa wilaya, akitaka kumwombea mtoto nafasi seminari, akitaka kulalamikia mpaka wa shamba la mikorosho, alikwenda kwa Mwalimu Tadeo. Alikuwa na kipaji cha kuyachukua maneno ya mtu mwenye hasira akayapanga hata hasira yenyewe ikaonekana ni haki.

Kipaji hicho ndicho kilichomtoa darasani. Mwaka 1996 Mheshimiwa Goreti, mbunge wa viti maalumu, alikuwa akitafuta katibu anayejua kuandika. Paroko akamtajia Tadeo. Akahamia Nachingwea mjini, akapewa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, meza, taipureta, na kijitabu cha Kanuni za Bunge kilichokuwa kimeshachoka jalada. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu waliokuja na shida zao na kuzigeuza shida hizo ziwe maswali.

Swali la bungeni lina umbo lake. Linaanza na "Kwa kuwa", linaendelea na "na kwa kuwa", halafu linafika kwenye "Je, Serikali". Linapelekwa kwa maandishi siku ishirini na moja kabla. Lisiwe hotuba, lisiwe na lawama, lisitaje majina ya watu pasipo lazima, lisiguse jambo lililo mahakamani. Tadeo aliyashika masharti hayo kama alivyowahi kushika katekisimu. Siku aliyosikia "kwa kuwa" yake ya kwanza ikisomwa redioni kutoka Dodoma, juu ya kisima cha Ruangwa, alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyeitwa jina lake kanisani. Mkewe, Makrina, alimcheka.

"Sasa hata chumvi utaniomba kwa 'kwa kuwa'," alisema.

Juni mwaka 1999 aliingia ofisini mama mmoja wa Kilimarondo, miguu imejaa vumbi la barabara ya siku mbili. Jina lake Dafrosa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kimwera kikikijia mbele kila alipoharakisha, kwa hiyo alizungumza polepole, akichagua neno mojamoja.

"Mwalimu, tembo amemuua mume wangu."

Mumewe, Amedeus, alikuwa ametoka asubuhi kwenda kutazama mahindi yaliyokaribia kukomaa. Tembo walikuwa bado shambani. Majirani walimkuta saa tatu, na kilichobaki walikifunika kwa shuka mbili. Walitoa taarifa, wakaambiwa askari wa wanyamapori wako mbali na gari ni bovu. Tembo wakarudi wiki ile ile. Ndipo Ignasi, mdogo wake Amedeus, alipochukua gobore la marehemu babu yao akawafyatulia risasi. Hakuua hata mmoja. Ila siku tatu baadaye askari wale waliokuwa mbali walifika, na gari likiwa zima, wakamkamata Ignasi kwa kumiliki bunduki bila kibali na kuwinda bila ruhusa. Sasa alikuwa nje kwa dhamana na kesi ilikuwa ikiendelea wilayani.

"Nimesikia huku watu wanauliziwa Serikali," Dafrosa alisema. "Niulizie. Kwa nini kwa tembo wamechelewa, kwa shemeji yangu wamewahi?"

Tadeo aliweka kalamu chini. Miaka mitatu alikuwa ameandika habari za visima na madaraja, na leo alikuwa amepewa swali ambalo lilikuwa tayari limekamilika katika kinywa cha mwenyewe. Aliliandika siku hiyo hiyo. Aya ya kwanza ilisema tembo wanaua watu na kuharibu mazao Kilimarondo. Aya ya pili ilisema kwamba mwananchi aliyejaribu kulinda mashamba baada ya ndugu yake kuuawa amekamatwa na kushtakiwa, ilhali taarifa ya kifo haikushughulikiwa. Kisha: Je, Serikali itaweka lini kituo cha askari wa wanyamapori karibu na wananchi hao? Alijua aya ya pili ilikuwa imekaribia ukingo wa kanuni. Aliiacha kwa sababu ilikuwa nzuri. Hilo ndilo alilokuja kulikiri baadaye: aliiacha kwa sababu ilikuwa nzuri.

Mwishoni mwa Agosti swali likarudi. Barua iliyoambatanishwa nalo ilikuwa fupi: swali haliwezi kukubaliwa kama lilivyo, kwa kuwa linahusu jambo lililo mbele ya mahakama. Tadeo aliisoma mara moja. Macho yake yaliruka maneno "kama lilivyo" kama mtu arukavyo dimbwi, yakatua kwenye "mahakama".

Dafrosa alipokuja kuuliza, alimwambia ukweli kama alivyouelewa.

"Mama, kesi ya shemeji yako ndiyo inayozuia. Ikiwapo mahakamani, Bunge haliwezi kuuliza. Mpaka iishe."

"Itaisha lini?"

"Hilo ni la hakimu. Lakini kikao kinachofuata ni Novemba, na swali linatakiwa lifike mapema Oktoba. Baada ya hapo ni mwaka kesho."

Dafrosa alihesabu kitu kwa vidole juu ya goti. "Mahindi ya mwaka kesho yatakuwa yameshaota," alisema. Akaaga.

Tadeo hakujua alichokuwa amekabidhi. Alikuja kujua mwanzoni mwa Oktoba, Dafrosa aliporudi akiwa na karatasi ya mahakama aliyokunja mara nne. Ignasi alikuwa amekiri makosa yote.

Kesi ilikuwa imeahirishwa mara nne kwa sababu mashahidi wa upande wa mashtaka hawakuja. Kila mtu pale mahakamani alikuwa akisema wasipokuja mara ya tano itafutwa. Siku ya tano, kabla hata hawajaitwa mashahidi, Ignasi alisimama akasema, "Mheshimiwa hakimu, ni kweli. Bunduki ilikuwa yangu na nilifyatua. Naomba imalizike leo." Hakimu alimuuliza mara mbili kama anaelewa anachokisema. Akajibu anaelewa. Alifungwa miaka mitatu.

"Nani alimwambia akiri?" Tadeo aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimshtua.

"Nilimpelekea maneno yako," Dafrosa alisema. "Nilimwambia kesi ndiyo inazuia. Mimi sikumwambia akiri, Mwalimu. Alikaa siku mbili hasemi na mtu. Halafu akasema mtu mmoja kukaa ndani ni nafuu kuliko wengine kufa shambani." Aliinyoosha ile karatasi juu ya meza. "Sasa imeisha. Andika."

Tadeo aliandika. Safari hii, kwa kuogopa lisirudishwe tena, aliondoa kila kitu. Akaondoa kukamatwa, akaondoa kuchelewa kwa askari, akaondoa ndugu aliyeuawa. Ikabaki "Kwa kuwa kumekuwa na matukio ya wanyamapori kuvamia mashamba na kusababisha vifo", ikabaki "Je, Serikali ina mpango gani". Swali likapita.

Asubuhi liliposomwa, mwezi Novemba, Dafrosa alikuwa ofisini, pamoja na bintiye mkubwa Lusiana na wazee wawili wa kijijini waliokuja na lori la ufuta. Tadeo alikuwa amebadilisha betri za redio. Walikaa wakisikiliza maswali ya mikoa mingine, ya mabwawa na ya mishahara ya walimu, hata sauti ya Mheshimiwa Goreti ikasikika. Akaomba swali lake namba fulani lijibiwe. Naibu Waziri akasimama kwa niaba ya Waziri, akajibu "kama ifuatavyo": kwamba Serikali inatambua tatizo hilo, kwamba wananchi wanashauriwa kutoa taarifa mapema na kuepuka kulima katika mapito ya wanyama, kwamba kituo kitafikiriwa kadiri fedha zitakavyopatikana.

"Mheshimiwa Spika," sauti ya Goreti ikarudi, "pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri, naomba kuuliza maswali mawili ya nyongeza."

Mzee mmoja akageuka. "Mazuri yapi?"

"Ndivyo wanavyosema," Tadeo alijibu. "Ni desturi. Haina maana."

Goreti aliuliza kama Naibu Waziri yuko tayari kufika Kilimarondo akajionee. Akajibiwa kuwa yuko tayari nafasi ikipatikana. Akaanza la pili: "Kwa kuwa taarifa zinatolewa mapema lakini askari wanachelewa, na wakija wanawakamata wananchi wale wale—" Spika akamkatiza, akamtaka aulize swali, asitoe maelezo. Goreti akauliza kituo kitajengwa lini. Akajibiwa kuwa jibu la msingi limeshaeleza. Mbunge mwingine akasimama kuomba nyongeza juu ya mamba wa jimboni kwake. Muda haukutosha, likaitwa swali linalofuata.

Dafrosa alisubiri. Redioni mtu alikuwa akiuliza habari za simu.

"Limeisha?" aliuliza.

"Limeisha, mama."

"Amedeus hawajamtaja."

"Kanuni hazi..." Tadeo alianza. Dafrosa alikuwa tayari anajifunga kitenge. Hakumlaumu kwa neno hata moja. Alimshukuru, akawaambia wazee wawahi lori.

Februari iliyofuata Mheshimiwa Goreti alimchukua Tadeo Dodoma, akamsaidie kwa wiki moja. Huko alikutana na karani wa maswali, kijana mpole wa Tukuyu aitwaye Gwakisa, aliyeyakumbuka maswali yote kama mfugaji akumbukavyo ng'ombe wake.

"Lile la tembo," Gwakisa alisema wakinywa chai. "Mwishowe mlilitengeneza vizuri. Ila nilishangaa mlivyokaa nalo. Ile barua ya Agosti nilidhani mtalirudisha kesho yake."

"Kesi ilikuwa bado."

"Kesi ilikuwa inahusu aya ya pili tu, Mwalimu. Mngeifuta ile aya, ya kwanza na ya tatu zingepita hivyo hivyo. Ndiyo maana tuliandika 'kama lilivyo'."

Tadeo aliweka kikombe. Aliomba radhi, akatoka nje, akasimama ukutani kwenye jua la Dodoma. Mistari mitatu. Ilikuwa mistari mitatu ya kufuta kwa kalamu, na Ignasi alikuwa akilipa miaka mitatu kuifuta.

Aliporudi Nachingwea alimweleza Makrina. Makrina hakumfariji. Alimwambia tu, "Basi nenda ukamwambie mwenyewe." Tadeo akasema atakwenda. Hakwenda. Alituma sabuni na sukari gerezani kwa mkono wa katekista, bila kuandika jina lake. Aliendelea kuandika maswali, lakini sasa kila barua iliyotoka Dodoma aliisoma mara nne, kidole kikipita chini ya kila neno. Mwishoni mwa mwaka 2000 Goreti hakurudi bungeni. Tadeo aliomba kurudi kufundisha Nkowe, akarudi.

Ignasi alitoka mwaka 2001, kabla ya muda wake kuisha, kwa msamaha. Wakati huo askari wawili walikuwa wameshapangishiwa chumba karibu na Kilimarondo. Wengine walisema ni kwa ajili ya swali, wengine walisema wangekuja tu hata bila swali. Tembo waliendelea kuja, ila sasa kulikuwa na mtu wa kwenda kumgongea mlango.

Tadeo alikwenda likizo ya Juni. Alimkuta Ignasi akitengeneza uzio wa miba, amekonda, kikohozi kikimkatiza kila baada ya maneno machache. Dafrosa aliwaletea viti, akaondoka. Tadeo alieleza yote: barua, neno aliloliruka, aya aliyoiacha kwa sababu ilikuwa nzuri, mashahidi ambao huenda wasingekuja. Hakujitetea popote.

Ignasi alisikiliza huku akiendelea kuchonga mti kwa panga. Alipomaliza mti huo alichukua mwingine.

"Ile aya ya pili," alisema hatimaye. "Ilisemaje?"

Tadeo alikuwa ameibeba kichwani miaka miwili. Aliisema neno kwa neno: kwamba mwananchi aliyejaribu kulinda mashamba baada ya ndugu yake kuuawa amekamatwa na kushtakiwa, ilhali taarifa ya kifo haikushughulikiwa.

Ignasi alikohoa muda mrefu, akapangusa mdomo kwa kiganja.

"Hiyo ndiyo iliyokuwa kweli," alisema. Hakusema amesamehe, na Tadeo hakuthubutu kumuuliza. Ignasi alimnyooshea ncha ya mti. "Shika hapo, Mwalimu. Mimi kifua hakiniruhusu kuvuta peke yangu."

Walifanya kazi hadi jua likageuka, bila maneno mengi, na uzio haukufika hata nusu ya shamba.