Baba Moraa Amesoma Daftari Langu

Leo mume wangu amekataa chai yangu mbele ya pasta!

Mnajua naandika riwaya ya mke anayemtilia mumewe sumu. Baba Moraa alipata daftari chini ya godoro. Hakuniuliza neno. Alipanda boda hadi Kebirigo, akamleta pasta.

"Mama Moraa, onja wewe kwanza," mume wangu akasema nilipowaandalia chai.

Kwa hasira nikanywa vikombe vyote vitatu, hata cha pasta.

Pasta alikuwa kazama kwenye daftari. Mwishowe akamgeukia mume wangu.

"Huyu bwana wa humu daftarini hajaongea na mkewe miezi minne. Ni wewe?"

Mie nikatazama sakafu.

"Ni mimi," akasema, machozi yakimlengalenga. "Lakini mbona nife ukurasa wa tisa?"

Nimemwahidi atafika arobaini. Nyinyi mngempa kurasa ngapi?