Kipande cha Ndala ya Bibi

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, niliporudi nyumbani, mtaani kwetu Soweto, kutoka sokoni Mbalizi nikichekacheka peke yangu. Nilikuwa nimepata kitabu cha mtumba cha maswali ya mtihani wa Kiingereza, ule ambao bila kuufaulu nisingeenda ng'ambo kusomea uuguzi. Uzuri wake, mwenyewe wa kwanza alikuwa ameshazungushia majibu yote kwa penseli.

Basi nikakaa jikoni na bibi yangu, akichambua maharage. Nikasoma sentensi zenye makosa, nikachagua zilizo sahihi, jicho moja likiwa kwenye penseli ya watu. Ishirini kwa ishirini! Nilikuwa na maringo mimi, usinione hivi.

Bibi, ambaye Kiingereza chake kiliishia "gudi moningi", akaniuliza, "Hiyo sentensi ina ubaya gani?"

"Jibu ni C, bibi."

"Sikuulizi herufi, Tusa. Nakuuliza ubaya wake."

Nikachungulia tena ile penseli. Akachukua ndala yake iliyokatika, akakata kipande kwa kisu cha vitunguu, kama tulivyokata vifutio shule ya msingi. "Futa. Kitabu chote."

Nilifuta huku nalia. Nilipojaribu tena, nikapata sita. Nilimnunia bibi hadi jioni. Lakini tangu siku hiyo alinikalisha jikoni nimweleze kila kosa kwa Kinyakyusa mpaka aelewe, na asipoelewa, tulijua mimi ndiye sijaelewa. Mtihani nilifaulu. Alama hazikuwa za kutisha, ila zilikuwa zangu. Na wodini, mwanangu, nilisoma maelekezo ya dawa miaka mingi bila mtu wa kunizungushia jibu.

Juzi nimekuona na simu, unachungulia majibu kisha unajipa mia. Nilicheka, halafu moyo ukaniuma, maana mtihani wako ni mwezi ujao nami nakupenda. Funika majibu. Kosea mwenyewe, kisha ulieleze kosa lako kwa mdomo wako. Sita yako isikutie aibu.

Kile kipande nimekitia kwenye mkoba wako. Simu haifutiki kwa ndala, najua, hata mimi si mshamba kiasi hicho. Kiguse tu, kisha njoo jikoni unieleze. Nitajifanya sijui Kiingereza.

Mungu akupe akili tulivu siku hiyo, mwanangu, na bibi yangu huko aliko akusikilize.