Mzimu wa Theluji na Eda ya Shangazi

Wakuu, hodi humu.

Naona mnatishana na simulizi za mizimu. Yangu ni ya kweli, chumvi sijatia. Ila haitishi.

Miaka ya tisini, nasoma sekondari, tunakaa Kuze, Mji wa Kale. Nilikuwa sisikii la mtu kwa vitabu vya mizimu, vile vya Kiingereza vilivyouzwa vikuukuu pale Makadara. Kila mzimu uko mlimani, kwenye theluji. Theluji yenyewe mimi naijua ya friji tu, ile ya kukwangua kwa kijiko!

Sasa shangazi yangu Rukia akafiwa na mume. Marehemu alikuwa baharia wa meli za mizigo, akaugua safarini, akafia nchi za baridi na akazikwa huko huko. Sisi tukamsalia swala ya ghaibu, maiti haipo.

Kwa msiojua, mjane wa Kiislamu hukaa eda, miezi kadhaa hatoki ovyo. Shangazi akaikalia kwetu. Hakudondosha hata chozi. Chakula anagusa, anarudisha sahani. Mama akaanza kuogopa kwamba tutampoteza na yeye.

Nikaona nimchangamshe. Baada ya alasiri namsomea, nageuza Kiswahili papo hapo. Akili ya ujana hiyo, mjane unamsomea mizimu!

Siku moja ikawa hadithi ya mtu aliyepotea mlimani, akafa kwenye theluji. Mzimu wake unagonga mlango wa kibanda, wenyeji wamejifungia wanatetemeka. Hapo mimi nywele zimenisimama.

Shangazi akanikata, "Mbona hawamfungulii?"

"Shangazi, ni mzimu!"

"Kwani hawana imani? Mtu yuwaona baridi! Wamfungulie!"

Akaangua kilio, wakuu. Mama akaja mbio kutoka jikoni, akamkumbatia. Nami nikalia. Ndipo nikafahamu alichokiwaza siku zote zile: mumewe, na baridi ya kule alikolazwa.

Aliponyamaza akaniuliza, "Haya, ashafunguliwa?"

Kitabuni hakufunguliwa. Nikakodolea ukurasa macho, nikasoma: akafunguliwa, akawekwa karibu na moto, akapewa chai ya tangawizi na mahamri.

"Na blanketi," shangazi akasema.

Nikamsomea na blanketi.

Jioni ile sahani yake ilirudi tupu.

Nilichojifunza: ukimsomea mfiwa, jicho moja kitabuni, jingine kwake.

Nanyi mliwahi kumliwaza mfiwa vipi? Karibuni mchangie. Ila atakayekuja kuniambia kitabu hakikuisha hivyo, najua.